Vitabu vya Kuchipua vya Bi Time

Bi Time alianza biashara nami kwa kuitukana mali yangu. Ilikuwa Jumamosi ya Januari, nimefungua milango ya nyuma ya gari langu kwenye maegesho ya fleti zetu hapa Adelphi, Marekani, nauza vitu nilivyovitoa katika nyumba moja kule Bowie. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu wa chekechea aliyehamia kwa mwanawe, na vitabu vyake vya picha alivipanga kwenye maboksi kwa majira ya mwaka: boksi la theluji, la joto, la majani kupukutika, la kuchipua. Bi Time, mama wa Mombasa aliyevaa koti la kiume juu ya buibui, akainamia boksi la kuchipua, akafungua kitabu kimoja kimoja, na kila alichokifunga alikisindikiza kwa neno.

"Hiki maua yashatoka ukurasa wa kwanza, hakinifai. Hiki sungura kavaa koti. Sungura na koti, wapi na wapi? Hiki... hiki kina akili kidogo."

"Mama, mimi siuzi kimoja kimoja," nikamwambia. "Maboksi yote manne, au niachie yamngoje mwenyewe."

"Mimi nataka la kuchipua tu. Mti uwe mkavu kwanza, halafu utoe macho, halafu ua, halafu jani. Hilo la theluji mwuzie anayeipenda."

Jina langu Elisante, lakini Watanzania wa hapa huniita Mangi, kama chifu wa Kichaga, na si kwa sababu ya cheo bali ya uchuuzi. Nimeuza viatu vya mitumba Moshi, nikauza simu Kariakoo, nikaja huku nikaosha vyombo mpaka nikanunua gari. Najua kwamba mteja anayetukana mali ndiye atakayeondoka nayo. Nikapuliza viganja vyangu.

Ndipo akanitolea msiba wake. Kila mteja ana msiba siku ya kununua, kwa hiyo nilimsikiliza kwa sikio moja. Mwanawe Azhar, aliyekuwa akifanya kazi ya kompyuta Falls Church, alifariki mwaka juzi. Akaacha mke, Kiah, Mmarekani mweusi, na binti wa miaka mitano, Nuha. Yeye na hao wawili wanaishi fleti moja. Shule zikifungwa Juni, Kiah atarudi kwao Georgia na mtoto wake.

"Kiingereza changu mimi ni cha kulipia mkate," akasema. "Na mjukuu wangu Kiswahili aelewa chote, lakini kukisema, hata neno. Mimi namsemesha huku, yeye anijibu kule. Hapa tunaonana, twaonyeshana kwa kidole. Akishakwenda, kwenye simu nitamwonyesha nini?"

"Mama yake hamfundishi?"

"Kiah alisoma Kiswahili chuo kikuu. Asema vizuri, alhamdulillahi, lakini kama taarifa ya habari. Juzi kamwaga chai, aniambia, 'Mama mkwe, nasikitika kukuarifu.'"

Nikacheka. Na muuzaji akishacheka, bei imeshashuka.

Tukapatana hivi: achukue boksi la kuchipua, na kila Jumamosi aniletee beseni la mahamri niuze pamoja na vitu vyangu. Mahamri ya moto ya iliki, kwa watu wenye baridi na wenye hamu ya kwao! Nilijua nimempiga bao. Lakini nilipoinua boksi nimpe, akaweka mkono juu yake.

"Bado. Na mtoto wako."

"Mtoto wangu kafanya nini?"

"Nimemsikia. Akusemesha Kiingereza kama askari wa trafiki. Mlete Jumamosi kwenye chumba cha mikutano, kando ya mashine za kufulia. Mtoto hajifunzi lugha kwa bibi, mwanangu, ajifunza kwa watoto wenziwe. Nataka watoto wa kumzunguka Nuha."

Binti yangu Shiku ana miaka sita. Mama yake ni wa Nyeri, na Jumamosi huwa zamu hospitalini. Mtu wa kukaa na mtoto asubuhi nzima, tena bila malipo, ndicho kitu nilichokuwa nikikitafuta mtaa mzima. Nikakunja uso kama mtu anayeporwa, nikakubali.

Akawapata watoto: wa Kenya, wa Kongo, wa Unguja. Jumamosi ya pili nilichungulia nikakuta amekata vipande vya karatasi nyeupe na kuvibandika juu ya maneno yote ya Kiingereza vitabuni.

"Bi Time, unaharibu mali! Kitabu kilichobandikwa hakiuziki tena."

"Wewe ushaniuzia, yakuuma nini? Haya maneno yanizibia njia. Nataka mtoto aione picha, aone hakuna aliyemsemea, aseme mwenyewe."

Alikuwa na sababu ya kutaka majira yale na si mengine. "Nikiwafundisha simba, simba yuko wapi hapa Adelphi? Huu mti wa hapo nje, kuanzia mwezi wa tatu, kila siku una jipya. Kitabu kitasema, dirisha litashuhudia." Nilimwelewa mara moja. Alikuwa anapanga mali pale pale anapopita mteja.

Na shule yote ile ilikuwa duka lililofunguliwa kwa ajili ya mteja mmoja, naye hanunui. Nuha alikaa ubavuni mwa bibi yake, akicheza na ncha ya leso. Alicheka panapochekesha. Akiulizwa, alijibu kwa Kiingereza. Shiku wangu alibeba kila neno kama kitu cha kugawiwa bure.

Mwisho wa Machi ile miti ya maua meupe iliyopandwa kwenye kila maegesho ya huku ikachanua. Kitabuni ni mizuri kama bibi harusi. Kile ambacho kitabu hakisemi ni kwamba inanuka. Bi Time akawatoa watoto nje, kitabu mkononi kimefunguliwa kwenye ukurasa wa mti mweupe, akasimama chini ya tawi, akavuta pumzi.

"Ala! Nani kaanika papa hapa?"

Watoto wakaangua kicheko. Na Nuha, amebana pua kwa vidole viwili, akasema kwa sauti ya puani, "Bibi, mti unanuka! Unanuka samaki!"

Nilikuwa nauza mahamri hatua chache tu kutoka pale. Bi Time hakuruka wala hakumkumbatia. Mpatanaji mzuri haonyeshi furaha kabla biashara haijafungwa.

"Wanuka samaki gani?" akamuuliza, kama mtu anayeuliza bei.

"Samaki mbaya!"

"Mbaya vipi?"

Nuha akafikiri. "Hajaoga!"

Kuanzia siku ile maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililozibuliwa. Akiniona kutoka dirishani ananiita, "Mangi! Mahamri yameisha?" Na Bi Time nyuma yake, namwona kivuli tu, hasogei, asije akayakatiza.

Wiki ya kwanza ya Aprili Kiah akapata kazi Georgia. Walimtaka mara moja. Bi Time akanijia garini bila beseni.

"Wewe si ndiye Mangi? Nenda kaninunulie Juni."

Nikapanda kwa Kiah, nikavua kofia. Nilikuwa na hoja zangu: shule ya mtoto, hali ya hewa, hata gharama ya kuhama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka Elisante," akasema, "kazi hiyo haitanisubiri. Na kodi ya nyumba hii ilikuwa ya mishahara miwili. Ninampenda mama. Sina namna nyingine."

Mtu mwenye nafasi ya kushuka bei hukutazama usoni aone utapanda wapi. Kiah alitazama viatu vya Azhar, ambavyo bado vilikuwa mlangoni. Nikajua hana cha kupunguza. Nikashuka ngazi.

"Nimeshindwa, Bi Time."

"Hukuanzia chini vya kutosha," akasema, na akajaribu kucheka.

Siku ya kuondoka, aliviweka vile vitabu vilivyobandikwa kwenye mapaja ya Nuha ndani ya gari. Kiah akaahidi kuvifungua kila siku, na najua alivifungua. Mti ulikuwa umeshamwaga maua, umebaki kijani, haunuki chochote.

Bi Time akawa anampigia mjukuu wake simu kila Jumamosi baada ya darasa. "Nuha, fungua kile cha mti mweupe. Haya, nje kuna nini?" Lakini huko Georgia joto huwahi, maua yalikuwa yamepita kabla hawajafika. Kitabu kilisema hivi, dirisha likasema vingine. Wala hapakuwa na mtoto mwingine wa kubana naye pua. Mwanzoni Nuha alitafuta maneno, ukimya ukawa mrefu, kisha Kiingereza kikaingia kuujaza. Juni ilipofika, ile Juni tuliyotaka kuinunua, aliyekuwa akijibu ni Kiah: "Mama mkwe, Nuha anakusalimu." Mwaka haujaisha, Bi Time akafunga darasa.

Machi hii nilipata vitabu vingine kwenye nyumba moja. Mimi nisiyeuza kimoja kimoja nilichambua kimoja kimoja, nikachagua vile ambavyo mti unaanza mkavu, nikampelekea mlangoni. Shiku alikuwa nami.

"Wataka nini kwa hivi?" akauliza.

"Bure, Bi Time. Rudi tu ufundishe."

"Mangi akitoa bure, ujue mali haina mnunuzi." Akavirudisha mikononi mwangu, taratibu. "Nishafunga, mwanangu."

Shiku akadakia, "Bibi, umesikia harufu nje? Papa kaanikwa tena!"

Bi Time akajifunika mdomo kwa ncha ya leso. "Papa gani huyo?" akauliza, maana mdomo ulishazoea.

"Yule yule wa mwaka jana, hajaoga mpaka leo!"

Wakaendelea hivyo pale mlangoni, nami nimesimama na vitabu mkononi.

Katika dili ile mimi nilitoa boksi ambalo lingekaa stoo, nikatoa na mtoto niliyekuwa natafuta pa kumweka. Nimepata binti anayenibishia kwa Kiswahili cha Mombasa na kuwapunguzia wateja wangu bei mbele ya macho yangu. Yeye alitoa mahamri yake na asubuhi zake zote, na alichokilipia kimefika kwangu. Ingekuwa mali nyingine tungegawana.

Jumamosi Bi Time bado anapiga simu. Anauliza nje kuna nini. Nuha anamjibu kwa Kiingereza, maneno mengi siku hizi, ana marafiki, anasoma. Bi Time anasikiliza mpaka mwisho, anasema ahsante, mama, ahsante, kisha anakata.