Meli Yetu ya Mabanga

Chekeni tu, mimi nimeshazoea. Tangu ile Jumamosi, nikipita sokoni hapa Kitale kuna mama wa mboga ambaye hawezi kunisalimia kama watu, lazima aulize, "Mwalimu, leo umevaa?" na mimi namjibu nimevaa, nachukua sukuma yangu naenda zangu. Kwa hivyo wacha niwaeleze kwa mdomo wangu mwenyewe, maana huko nje inasimuliwa vibaya, ati nilikuwa uchi. Sikuwa uchi. Nilikuwa na gauni la kulala, leso, na reflekta ya boda boda.

Mimi nina miaka sabini na mbili, nilifundisha darasa la nne mpaka nikastaafu, na nimesafiri na meli kubwa za watalii mara tatu. Msishangae. Binti yangu Nasimiyu ni muuguzi kwenye hizo meli, na mara moja moja anaruhusiwa kuleta watu wake. Asiyejua anafikiri meli ni kukaa na kula, lakini sisi wazoefu tunajua: chumba kiwe katikati ya meli na orofa ya chini, huko haiyumbi sana, kiwe karibu na lifti kwa sababu ya magoti, lakini kisiwe chini ya ukumbi wa densi (safari ya kwanza nililala chini ya ukumbi wa densi, nilidhani ng'ombe wamevunja boma). Chakula cha jioni uombe zamu ya kwanza. Na si kila bandari lazima ushuke, siku nyingine unabaki na meli yote ni yako, unakunywa chai ya tangawizi kama mke wa kapteni.

Safari ya nne nilitaka twende na Jentriks, rafiki yangu wa Bungoma tangu chuo cha ualimu, pamoja na walimu wenzetu wanne waliostaafu. Hapo ndipo kifungua mimba wangu Wekesa, mwenye duka la dawa za mifugo hapa mjini, akasema haiwezekani. "Mama, goti hilo, presha hiyo, na safari iliyopita si ulipotea ukaingia chumba cha wenyewe?" (Ni kweli niliingia, milango yote inafanana, na wale wazee walinikaribisha biskuti vizuri tu.) Nasimiyu naye anamwogopa kakake, akaniambia atakata tiketi Wekesa akikubali. Hebu fikiria! Mtoto niliyemfunga nepi, leo ndiye nimwombe ruhusa! Nikamwambia, "Sawa. Jumamosi saa tatu asubuhi njoo Mabanga, utaona kama mamako amezeeka. Ukikuta kasoro hata moja, nitakaa nyumbani nilishe kuku na hutanisikia nikitaja meli tena." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu, na nilikuwa nimekaza shingo.

Mpango wangu ulikuwa ni zoezi. Ijumaa tulichukua vyumba sita kwenye kituo kimoja cha mafunzo kule Mabanga, tukaliita lile bweni lake meli. Kwa vile vesti za kuelea hatukuwa nazo, niliazima reflekta sita, zile fulana zinazong'aa, kwa watu wa boda boda, nikapiga kengele kama meli inazama, na wale akina mama wote wakatoka mbio na reflekta zao wakajipanga kwenye nyasi, Jentriks wa kwanza. Jentriks ni mdogo wa mwili na mwoga wa kila kitu, lakini nikisema jambo analiandika.

Mle bwenini kulikuwa na kundi lingine, watu wa kanisa waliokuwa wakikusanya nguo za familia za Ndalu ambazo nyumba zao ziliezuliwa na upepo. Wakati wa chakula kiongozi wao, mama mmoja mwenye sauti nzito, alisimama akatangaza jambo fulani, lakini mimi nilikuwa namweleza Jentriks kwamba melini haujazi sahani kwenye meza ya kwanza kwa sababu nyama iko meza ya mwisho. Nilisikia "Amina" tu, nikajibu "Amina."

Sasa sikilizeni. Melini, jioni ya mwisho, unaweka sanduku lako nje ya mlango, wafanyakazi wanalibeba, na asubuhi unalikuta nchi kavu. Ndiyo maana sheria kubwa kuliko zote ni hii: nguo za kesho, dawa, na pasipoti vinabaki na wewe chumbani, kwa mkoba mdogo. Niliwaimbisha hiyo sheria kama a-e-i-o-u. Tukaweka masanduku nje, sita kwa mstari (wenzangu walijaza mablanketi yao ya zamani, wakasema ni mazoezi bana, lakini mimi nilipakia kila kitu, mpaka gauni la bluu la usiku wa kula na kapteni). Ikapendeza. Ikapendeza mpaka nikaona nipige picha nimtumie Wekesa, na ili picha itimie nikatoa ule mkoba mdogo, nikauweka juu ya sanduku, ukakaa vizuri kama maua. Nikapiga. Nikatuma. Nikajisifu. Nikaingia kulala.

Asubuhi nafungua mlango, korido ni nyeupe, hakuna sanduku hata moja. Kumbe lile tangazo lilikuwa kwamba mwenye nguo za kutoa aziweke nje ya mlango, lori litazibeba alfajiri. Mlinzi akasema limeondoka zamani, na namba ya simu ya kiongozi hana. Wenzangu walitoka vyumbani wamevaa, wamechana nywele, kila mmoja na mkoba wake mkononi. Mwalimu peke yake ndiye alisimama na gauni la kulala, hana nguo, hana dawa ya presha, hana pasipoti. Tukajaribu rinda la Jentriks likakwama kichwani, wakanivuta wawili mmoja huku mmoja kule. Na katikati ya hiyo vuta nikuvute nikasikia gari. Wekesa alifika saa tatu kamili, mtoto ana nidhamu, mimi ndiye nilimfundisha.

Alinitazama kutoka juu mpaka chini. Niliona safari yangu imezama hapo hapo kwenye nyasi za Mabanga.

"Tunaenda Ndalu," nikasema.

"Mama, tupite kwanza Bungoma tununue hata gauni."

"Watakuwa wamegawa! Pasipoti kwanza. Washa gari."

Nikafunga leso kiunoni, nikavaa reflekta juu ili nifunike kifua, nikaingia mbele, Jentriks nyuma. Tulipita Kimilili nimeinama kwenye kiti kama mwizi, kwa sababu huko nilifundisha miaka mingi.

Ndalu tulikuta watu wamejaa uwanjani, foleni ndefu, lori liko wazi. Niliruka nje kabla Wekesa hajazima gari. Yule mama wa sauti nzito akaniona navuka uwanja na gauni la kulala, akashika kifua. "Jameni! Mwenzetu huyu, upepo ulikukuta umelala?"

"Hapana, mimi natafuta—"

"Pole sana, mama. Pole. Mpisheni, mpisheni!" Na watu wakanipisha, haki ya Mungu, walionipisha ni watu ambao paa zao zimeenda, wakanisukuma mpaka mbele, wakanizunguka, yule mama akaniwekea mkono kichwani na kuanza kuniombea kwa sauti ya uwanja mzima, ati Bwana umeona mjane huyu alivyoachwa. Kila nikifungua mdomo kusema, watu wanaitika "Amina!" Alipomaliza akanifunika blanketi mabegani. Nikalitambua. Lilikuwa blanketi la Jentriks.

Hapo nikapiga kelele ile ya darasa la nne: "NYAMAZENI!" Uwanja ukanyamaza. Nikasema ukweli wote, meli, zoezi, picha, mkoba, mbele ya watu wale na mbele ya Wekesa aliyekuwa amesimama kando ya gari, na jasho likinitoka kwa aibu, maana kati yao na mimi nani alikuwa na shida?

Basi akatokea bibi mmoja mzee, anatembea polepole, mkoba wangu uko mkononi. Na amevaa rinda langu la kanisa, lile la maua, limemkaa kuliko linavyonikaa mimi. "Mulembe," akanisalimia, kisha akaingiza mkono kifuani akatoa pasipoti yangu na pakiti ya dawa. "Nilijua hiki kitabu kina mwenyewe. Nikasema nitakaa nacho mpaka aje." Akafungua, akatazama picha, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha. "Ni wewe," akasema. "Lakini hapa umevaa."

Uwanja ulivunjika kwa kicheko. Mimi pia. Bibi alitaka kunivulia rinda, nikakataa, na mkoba nikamwachia, na gauni la bluu sijui nani wa Ndalu analo leo, alivae salama.

Kurudi, Wekesa aliendesha hadi Kimilili. Hapo akasimamisha gari kando ya barabara, akalaza kichwa kwenye usukani, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mama, nilikuja kusema hapana," akasema akipangusa macho. "Lakini mtu anayefuata lori na gauni la kulala mpaka alipate, huyo hapotei." Akampigia dadake hapo hapo. "Kata tiketi. Zote sita. Lakini pasipoti ya Mama itabebwa na mtu mwingine."

Nikageuka nyuma nipinge. Jentriks, mwanafunzi wangu mwoga, alikuwa ameshavuta uzi shingoni, akatoa kimfuko alichoshona mwenyewe, pasipoti yake imo ndani, ilikuwa imelala naye, imekimbia naye, kama nilivyofundisha. Akakifungua kikabaki wazi. Akaningoja.

Nikamwekea yangu.

Tunaondoka mwezi ujao. Chumba ni cha katikati, orofa ya chini, hilo sibishani na mtu. Jioni ya mwisho sanduku nitaliweka nje kama kawaida, lakini nitakuwa nimevaa rinda, sweta, soksi na viatu, na nitalala hivyo hivyo navyo. Na picha sipigi tena, atakayetaka kuona aje mwenyewe.