Baba alivyouza Krismasi ya nyanya ili tufike kwenye mkutano wa magari Baringo

Wakuu, hodi humu ndani.

Mimi huwa nasoma tu na kupita. Lakini juzi nimeona vijana wanapanga safari ya mkutano wa magari ya four-wheel, wanaulizana mafuta lita ngapi, hema la watu wangapi, livu ya kazini waombe lini. Nikacheka peke yangu jikoni mpaka mjukuu akauliza kuna nini.

Kwa sababu sisi tulipanga hayo yote, na bado tulikwama.

Nitakayoandika yametokea. Pahali nimesahau nitasema nimesahau.

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni. Nilikuwa form three, shule ya bweni ya wasichana huko milimani Taita. Nilikuwa na haya kupita kiasi. Mwalimu akiniuliza swali najua jibu, nasimama, sauti haitoki, nakaa. Mambo yangu nilikuwa naandika kwenye daftari usiku huo huo, kila kitu, hata nani alikataa kunipa chumvi mezani.

Baba alikuwa fundi wa magari kwenye shamba la mkonge karibu na Voi. Tulikaa nyumba za wafanyakazi hapo hapo. Alikuwa na landrova moja fupi, ya turubai, iliyokuwa imetupwa nyuma ya gereji mpaka kuku wanataga ndani. Shamba likamwachia. Akaitengeneza miaka miwili, jioni na Jumapili baada ya kanisa.

Sasa kulikuwa na mkutano wa watu wenye magari kama hayo. Kila Agosti, kule Baringo. Watu wanatoka pande zote za nchi, wanapiga kambi siku tatu, Ijumaa mpaka Jumapili, wanapanda vilima vya mawe, wanavuka mito, wanaonyeshana ufundi. Hakuna zawadi. Baba alisikia habari zake kwa dereva mmoja wa misheni, na tangu siku hiyo hakuwa mtu wa kawaida. Akiona korongo, anasimama analipima kwa macho.

Mwaka wa kwanza gari halikuwa tayari. Mwaka wa pili mama alikuwa mgonjwa. Mwaka wa tatu akanyimwa livu.

Mwaka wa nne akasema, huu ndio.

Na akasema nitaenda naye, kwa sababu mimi ndiye niliyejua ramani. Wakuu, mimi nilikuwa sijawahi kupita Mtito Andei. Nilichora njia yote kutoka atlasi ya shule: Voi, Nairobi, Nakuru, Marigat. Niliandika kila mahali pa kupata petroli, kila mahali pa maji. Usiku nilikuwa naisoma hiyo njia kama mtu anasoma Zaburi.

Tatizo lilikuwa livu.

Gereji ya shamba ilikuwa na mafundi wawili tu, baba, Mdawida wa Taita, na Mzee Kilonzo, Mkamba wa Kitui. Wawili hawawezi kuondoka pamoja. Meneja alikuwa amepanga: Kilonzo Agosti, baba Desemba. Imeandikwa ukutani.

Baba akaamua kubadilishana. Nilikuwepo siku hiyo, nimempelekea chakula. Kilonzo alikuwa chini ya trekta, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Kilonzo, nipe Agosti. Wewe chukua Desemba yangu."

Miguu ikatulia.

"Mdawida, umekula nini leo?"

"Ugali."

"Basi kaa kwanza kivulini. Hakuna mtu anapeana Krismasi akiwa na akili zake."

"Nataka Agosti."

Kilonzo akajitoa chini ya trekta, uso wote grisi. "Chukua. Chukua na Julai ukitaka. Watoto wangu hawajaniona Krismasi tangu huyu wa mwisho azaliwe." Akanigeukia mimi. "Wewe ni shahidi. Kesho asiseme nilimlewesha."

Meneja akakubali bila shida. Baba alirudi nyumbani siku hiyo anapiga mluzi.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na hakuna aliyeliona. Si baba, si mama, si mimi na ramani yangu.

Tukaendelea kupanga. Mitungi ya petroli, spea, hema la kuazima, unga, maharagwe. Shule ikafunga. Livu ikaanza Jumatatu. Mpango wangu ulisema tuondoke Jumatano alfajiri, tufike Alhamisi jioni, Ijumaa tuamkie kwenye mkutano.

Jumanne tukapanda mlima wa Mbololo kumuaga nyanya.

Nyanya ni mama yake baba. Alikaa peke yake juu huko, ana migomba, ana mbuzi, ana mdomo. Gari tuliacha barabarani chini kwa sababu kwake hakukuwa na barabara, ni kijia cha mawe kinapanda mpaka mlangoni.

Baba akamweleza safari. Nyanya alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Nendeni tu."

"Tumekuja utuombee, Mama."

"Mungu anawasikia hata mkiwa Voi. Nendeni."

Tukasimama kuondoka. Na nyanya hakuinuka.

Wakuu, nyanya yangu alikuwa anasindikiza kila mtu. Hata mtu wa kodi alimsindikiza mpaka barabarani. Siku hiyo aliendelea na maharagwe yake. Sisi tukashuka wenyewe, baba mbele.

Nieleze kidogo hapa, kwa wale si wa kwetu.

Kwetu Udawida, hasira ya mzazi si kitu cha mchezo. Haijalishi kama anakutakia mema. Ikikaa moyoni inatoka yenyewe, inakutangulia njiani. Dawa yake ni kutasa: mwenye hasira anachukua maji mdomoni, anayapuliza nje, anasema lililokuwa moyoni, linaondoka na yale maji. Lakini lazima atake mwenyewe. Huwezi kumlazimisha, na akisema hana hasira huna la kufanya.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa fundi, anaamini spana. Lakini Jumatano alfajiri gari limepakiwa, ufunguo mkononi, hakupanda. Alizunguka gari mara kadhaa akipiga teke magurudumu. Kukapambazuka. Akaingia ndani akavua viatu.

"Hatuendi?" mama akauliza.

"Sipeleki mtoto njia ndefu hivyo na Mama yuko vile."

"Kwani umemfanya nini?"

"Sijui."

Ni mama aliyefikiri kidogo, kisha akaweka kikombe chini. "Krismasi," akasema. "Ulimwambia habari ya Krismasi?"

Baba alikaa tu anaangalia soksi zake.

Kwetu Krismasi watoto wote wanapanda kwa mama. Shangazi yangu na ndugu zake wengine walikuwa Mombasa, nyanya anawaona mara hiyo moja kwa mwaka. Na baba ndiye mkubwa, ndiye anachinja.

"Nenda umwombe msamaha," mama akasema.

"Nikienda mimi atasema hana neno. Nitamjibu nini?"

Wakaniangalia mimi.

Kwetu mjukuu ana ruhusa ya kumwambia nyanya lolote, ni watani. Mtoto wake hana. Lakini huyo ni mjukuu mwenye mdomo. Nilimwambia mama siwezi. Akanipa kilo ya sukari nipeleke, akafungua mlango.

Nilipanda lori la mkonge mpaka njia panda, halafu miguu. Njia yote nilikuwa natunga maneno. Nilipofika yote yamekwisha kichwani.

Nyanya alikuwa pale pale, na ungo ule ule.

"Mke mwenzangu, umekuja kwa miguu? Gari limekufa?"

"Halijafa."

"Basi mnangoja nini? Nilidhani mko Nairobi mnakula mkate."

Nikakaa, nikachukua maharagwe nikaanza kuchambua na mimi.

"Ongea. Mdomo umeuacha Voi?"

"Baba ameshindwa kuondoka."

"Nani amemshika? Si nilisema nendeni?"

"Hukutusindikiza."

Mikono yake ikasimama. Akaniangalia muda, halafu akaanza tena, polepole.

"Kumbe una macho," akasema. "Basi sikiliza. Ameuza Krismasi yangu kwa Mkamba. Wenzake wakija kutoka Mombasa wakiniuliza kaka yuko wapi, niseme yuko gereji? Na mimi nimesikia wapi? Sokoni. Mtu anauza vitunguu ananiambia, mwanao mwaka huu hayupo. Nikajifanya najua."

Akatupa haragwe bovu nje.

"Angekuja akaniambia, ningemkasirikia siku mbili, yakaisha. Sasa nimkasirikie lini, na mnaondoka?"

Sijui niliyatoa wapi maneno yale. Labda kwa sababu nilikuwa nimepanga zile siku kichwani wiki nyingi, nikazoea kuzihamisha.

"Tuifanye sasa," nikasema.

"Nini?"

"Krismasi. Baba yuko livu."

"Agosti?"

"Mwalimu wa dini shuleni alisema tarehe yenyewe aliyozaliwa Yesu haijulikani."

Nyanya akaweka ungo chini. "Huyo mwalimu wenu ana mama kweli?" Kisha akaanza kucheka, kicheko kinatoka kidogo kidogo mpaka akajifuta macho na kanga. "Agosti. Wewe mtoto wa kunyamaza, kumbe unanyamaza na mambo."

Akatoa masharti. Shangazi aje. Mbuzi achinjwe na baba mwenyewe. Na la mwisho:

"Hilo gari lililomfanya anisahau, alilete mpaka hapa mlangoni. Asiliache barabarani kama mgeni."

Nilishuka mlima nikikimbia.

Baba aliposikia alifunga macho. Nilimwona anahesabu. Kama karamu ni Ijumaa, mkutano wa siku tatu tutapata siku moja, tena kama hakuna pancha.

"Siku moja," akasema.

"Au hakuna," nikasema mimi. Naona hiyo ndiyo siku ya kwanza nilimjibu baba.

Akavaa viatu.

Salamu za kumwita shangazi zilienda Mombasa na dereva wa lori la mkonge, na Alhamisi jioni lori likarudi naye, amebeba nazi na mchele na maswali. "Nani amekufa?" ndiyo salamu yake ya kwanza. Kuambiwa ni Krismasi akatuangalia mmoja mmoja.

Ijumaa asubuhi baba akapandisha landrova kile kijia.

Wakuu wa Mbololo mnajua mawe ya huko. Kijia kilikuwa cha mbuzi. Kijiji kizima kilitoka, kila mtu ni mwalimu wa udereva. "Kata kulia!" "Kulia kuna shimo, wewe unataka kumwua?" Mimi nilitangulia mbele kwa miguu nikimwonyesha mawe kwa mkono, na nikajikuta napiga kelele kama wengine. Mahali pamoja gurudumu la nyuma lilining'inia hewani, na watu wote wakanyamaza. Baba akashuka, akapanga mawe chini yake moja moja, akapanda tena. Akafika mlangoni kabisa. Kuku wakaingia ndani ya nyumba kwa hofu.

Nyanya akatoka, akalizunguka gari. "Dogo," akasema. Lakini aligusa boneti.

Tukala. Tukaimba nyimbo za Krismasi na jua la Agosti, shangazi akaanzisha kwa kicheko akamaliza analia. Baada ya chakula nyanya akaita maji kwenye kibuyu. Akasimama mbele ya baba, akachukua fundo, akapuliza kushoto, akapuliza kulia, akasema kwa Kidawida yale yote aliyoniambia mimi, mbele ya watu, bila kuficha hata vitunguu. Baba ameinamisha kichwa. Mwisho akasema, limetoka, njia iwe nyeupe. Magurudumu nayo yakapuliziwa maji yake.

Akatusindikiza. Alikaa mbele ndani ya gari mpaka barabarani, akipungia watu.

Tulifika Nairobi usiku wa manane, tukalala kwa binamu yake baba, Jumamosi tukalala Nakuru. Hakuna pancha. Tulifika Jumapili mchana, wengine tayari wanakunja mahema. Baba akauliza kile kilima maarufu kiko wapi, akaonyeshwa. Kina mawe, kirefu kiasi, na watu waliobaki wakakusanyika kumwangalia mtu wa pwani na kigari chake.

Akapanda moja kwa moja, bila kusimama. Mimi pembeni yake.

Huko juu akazima injini. Ziwa linaonekana kule chini, la rangi ya chai ya maziwa. Nikamwangalia kama amehuzunika, miaka minne kwa kilima kimoja.

"Kwa Mama ni kubaya kuliko hapa," akasema, na alikuwa anatabasamu.

Kisha akasema, "Mwaka ujao livu naanza kuomba Mbololo. Meneja baadaye."

Na ndivyo alivyofanya, wakuu. Tulienda tena mara mbili, siku zote tatu, livu ameigawana na Kilonzo nusu Agosti nusu Desemba, na Krismasi tukawa juu kwa nyanya kama kawaida.

Nilichojifunza ni hiki. Ukipanga livu, petroli na njia ni kazi nyepesi. Kabla hujabadilishana siku na mtu kazini, jiulize hizo siku ni za nani nyumbani, na umwendee huyo kwanza. Akikasirika mapema mna muda wa kuyamaliza.

Nyinyi mnaosafiri mwaka huu, mmeshamwambia nani, na nani bado? Semeni hapa tusaidiane. Na kama kuna mtu wa Mbololo humu, kile kijia sasa gari linapita?