Mvumo wa Spika ya Kelele

Jina lake la kuzaliwa nadhani hata mke wake alishalisahau. Mtaa mzima tulimwita Kelele. Mchana alishona viatu kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, na jioni, akishanawa gundi mikononi, alipiga gita la umeme chumbani kwake, roki ile ya kukwaruza mpaka vikombe vinacheza kabatini. Nilipenda kukaa naye pale kibarazani, maana miguu yangu haina pa kwenda maalumu, na viatu vyangu havikuishiwa ugonjwa.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, mjane, mpiga sitar, lile gita la Kihindi la shingo ndefu, tangu utotoni. Jioni moja alimfuata Kelele chumbani. Tukadhani anakwenda kugomba. Kumbe alisimama mlangoni kainamisha kichwa, anasikiliza, tena si gita, ila spika, ambayo kwa ubovu wake ilivuma mmmm hata kabla hujagusa uzi.

"Huo mvumo usiuondoe," akasema. "Muziki wetu hauanzi bila sauti moja iliyokaa chini, haibanduki. Hiyo ndiyo nyumba. Wewe unatoka, unatembea, unarudi."

"Mzee, hii ni mbovu tu."

"Basi ina ubovu mtamu."

Tangu hapo wakawa mtu na mwanawe. Kelele akakaza nyuzi zifuate ule mvumo, akajifunza kuvuta uzi pembeni mpaka sauti ilie kama mtu, akajifunza raga, zile njia za sauti ambazo kila moja ina wakati wake wa siku. Akizichanganya na ukali wake wa roki, mwili ulikusisimka. Wenzake wa bendi wakamkimbia. "Harusini watu wanataka kucheza, wewe unataka walie?" Mke wake naye akasema gita ndiye mke mkubwa, yeye kaolewa juu yake.

Kisha mzee akaugua kifua, akalala asiinuke. Akamtuma binti yake: "Mwambie Kelele aniletee raga ya jioni, kwa gita lake hilo hilo. Nataka niisikie ningali nasikia."

Siku hiyo Kelele alijichoma sindano kuliko alivyoshona soli. Shemeji yake, kaka wa mke, fundi umeme, mwingi wa maneno lakini moyo mweupe, akaona naye afanye jambo. Kelele akiwa kibarazani, yeye aliifungua spika, akabadilisha waya na vidude vilivyochoka, akaifuta mpaka vumbi. Hakusema. Alitaka kumfurahisha.

Jioni tukaibeba hadi chumbani kwa mgonjwa. Kelele akachomeka, akawasha. Taa nyekundu ikawaka, na kimya.

"Unaona, shemeji?" fundi akatabasamu mlangoni. "Safi! Ungemuumiza mzee kichwa kwa ule mngurumo."

Utamgombezaje mtu aliyekutendea wema? Kelele akaanza kupiga. Mimi si mjuzi, lakini hata mimi nilisikia sauti zinatoka na hazijui zirudi wapi, kama kuku waliobomolewa banda. Akasimama. Akaanza tena. Akasimama.

Ndipo mzee, macho kayafumba, akavuma mwenyewe. Mmmm. Sauti nyembamba, lakini ilikaa. Kelele akaishika, akatoka, akatembea, akarudi. Pumzi ikamkatikia mzee, akakohoa. "Baba, basi," binti akasema. Mzee akakataa kwa kichwa, akaanza tena, chini zaidi, na Kelele akalegeza nyuzi amfuate huko huko chini. Hawakuimaliza.

Tulipotoka mazikoni, Kelele alimpelekea shemeji spika. "Irudishe ilivyokuwa."

Fundi alihangaika. Alikata waya huku, akalegeza kule. Ikakoroma, ikalia kama nzi kwenye kopo. Vidude vya zamani vilishakwenda na takataka.

"Kuiharibu naweza, shemeji," akasema, macho chini. "Kuiharibu vile vile ndiyo siwezi."

Gita sasa limetundikwa ukutani. Kelele anashona. Mara nyingine, ushonaji ukiwa mrefu, namsikia anavuma pole pole, mmmm, sauti ile moja. Mimi hukaa nikisubiri atoke, atembee kidogo. Hatoki.