Tulipoikataa Bei ya Hisa

Siku ile tulikuwepo mimi, kifungua mimba. Mdogo wangu wa kiume anayenifuata, mlinzi kule Madimba. Mdogo wetu wa kike, mwalimu wa shule ya msingi. Kitinda mimba wetu, ambaye ametupita sote kwa urefu. Na shangazi, dada wa marehemu baba, aliyekuja kutoka Mikindani na kapu la ngisi. Dalali wa hisa naye alikuwepo, ingawa yeye alikuwa Dar es Salaam, ndani ya simu yangu. Simu tuliiweka juu ya kinu kilichopinduliwa ili kila mtu asikie.

Tulikutana nyumbani kwetu Rahaleo kuamua jambo moja: kitinda mimba aende India au asiende. Alikuwa amechaguliwa kwenda Agra kujifunza kukarabati majengo ya kale ya chokaa, yale yaliyojengwa na wafalme wa Kimoghul waliotawala India zamani. Masomo na malazi alilipiwa. Nauli ya ndege ilikuwa juu yetu, na muda wa kukata tiketi ulikuwa unaisha.

Mapenzi yake na Wamoghul yalianzia ukutani kwetu. Baba alikuwa mpagazi kwenye duka la nguo la Mhindi mmoja mjini, na kila mwaka mpya alipewa kalenda. Moja ilikuwa na picha ya Taj Mahal. Mwaka ulipokwisha mama hakuitoa, kwa sababu ilifunika ufa. Walipofariki wote wawili niliacha shule nikiwa kidato cha pili, na kitinda mimba nikamfundisha kuhesabu kwa tarehe za kalenda hiyo. Aliniuliza nani anakaa kwenye nyumba ile nyeupe. Nikamwambia, tajiri mmoja. Miaka baadaye alirudi kutoka shule na habari kwamba hakai mtu mle. Ni kaburi, mfalme wa Kimoghul alimjengea mke aliyempenda.

Tangu hapo Wamoghul walihamia kwetu. Tukila mihogo, tunasimuliwa jinsi mfalme wao wa kwanza alivyoiteka India kisha akalalamika kwamba haina matikiti matamu kama ya kwao, na siku alipokata tikiti lililoletwa kutoka huko akalia machozi. Shangazi alisema huyo hana ajabu yoyote; yeye mwenyewe akikaa Dar wiki moja hulilia mihogo ya kwao.

Hisa zilikuja kwa njia nyingine. Baba alituachia shamba la mikorosho Nanyamba. Kila msimu, nikishalipa palizi na salfa ya kupulizia mikorosho, nilikuwa nabakiza kidogo. Mdogo wangu mwalimu alirudi kutoka semina akatueleza kwamba mtu anaweza kununua kipande cha kampuni: ikipata faida unapewa gawio, ikiyumba kipande chako kinashuka bei. Tukaanza kununua hisa za kampuni moja ya saruji, kidogo kidogo kila msimu, kwa jina langu lakini mali yetu sote. Gawio la kwanza lilitosha sukari na sabuni, nasi tulilisherehekea kwa wali wa nazi.

Soko nililolijua mimi lilikuwa moja tu, mnada wa korosho. Pale bei za wanunuzi husomwa kwa sauti, na wakulima tukiona ni mbaya tunaikataa kwa pamoja. Korosho zinabaki ghalani, na mara nyingi mnada unaofuata wanunuzi wanarudi wakiwa wameongeza. Basi nikaweka sheria hiyohiyo kwenye hisa: haziuzwi mpaka bei isomwe na wote tuitikie.

Wiki iliyotangulia dalali alikuwa amesoma bei. Shangazi, ambaye hana hata hisa moja, ndiye aliyetangulia kujibu.

"Hiyo ni bei ya korosho zilizonyeshewa. Tumekataa."

Sote tukaitikia kwamba tumekataa, na mlinzi wetu akapiga makofi. Nililala nikijiona mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima.

Sasa siku hii dalali akasoma bei tena, na ilikuwa chini zaidi. Shangazi akauliza kama wanunuzi hawakupelekewa salamu zetu.

"Mama," dalali akasema taratibu, "soko halijui kama mlikataa."

"Kwa hiyo kelele zile zote alisikia nani?" mlinzi akauliza.

"Jirani," akajibu kitinda mimba.

Mwalimu alicheka mpaka akaweka chini sahani yake ya ngisi. Mimi nilicheka pia, kisha nikapiga hesabu. Kwa bei hiyo, kama tungeuza zote tungepata nauli na tusingebaki na kitu. Nilimuuliza dalali kama bei itapanda karibuni. Alisema hawezi kuniahidi, na kwamba pesa ya safari iliyo karibu haifai kukaa kwenye hisa. Hisa ni za mtu anayeweza kungoja.

Kitinda mimba akanigeukia. "Dada, usiuze. Nitakwenda mwaka mwingine."

Hakuna aliyekuwa amemwahidi mwaka mwingine. Kisha akaanza kutusimulia habari za mfalme wa pili wa Kimoghul: alivyonyang'anywa milki yote, akatangatanga jangwani na mke mjamzito, akafika Uajemi, akapewa askari na mfalme wa huko, na mwishowe akarudi kukalia kiti chake.

"Huyo Mwajemi alimpa bure tu?" shangazi akauliza.

"Kwa sharti, Shangazi. Alitaka mji mmoja."

Shangazi alimaliza kutafuna ngisi wake. "Basi Mwajemi ni mimi. Na mimi nina sharti langu."

Alikuwa na malipo yake ya korosho, aliyoyatunza kwa ajili ya bati. Angetoa nusu ya nauli, na sisi tuuze hisa za kutosha nusu nyingine tu. Pesa yake tungeirudisha polepole, kwa magawio na misimu. Na kitinda mimba akirudi, autengeneze kwa mikono yake ukuta wa nyumba ya babu kule Mikindani, ambamo shangazi anaishi, upande wa bahari, ambao kila masika unamwaga plasta.

"Kwa chokaa," akaongeza. "Saruji siitaki."

"Shangazi, saruji ndiyo inayomsafirisha," mlinzi akamwambia.

"Imsafirishe. Ukutani kwangu isiguse."

Nikamuuliza kila mmoja, kama sheria yetu ilivyo. Walipokubali wote nikamwambia dalali auze, na jinsi tulivyoitikia nadhani alilazimika kuiweka simu mbali na sikio.

Kitinda mimba alikwenda. Siku alipoliona lile jengo jeupe alinipigia simu ya video, na kitu cha kwanza kunionyesha kilikuwa mikono yake iliyopauka kwa chokaa. Hisa tulizobakiza zimepanda, zikashuka, zikapanda tena. Siku hizi siulizi bei kila wiki.

Sasa amerudi. Amechimba shimo nyuma ya nyumba ya shangazi, amelowesha chokaa humo, na anasema walimu wake walimfundisha kwamba haiguswi mpaka imelala miezi. Shangazi hupita shimoni kila asubuhi na kulichungulia, akisema Mwajemi hakungojeshwa hivi. Pesa yake tumerudisha nusu. Ukuta bado.