Kisanduku Kitupu

Mwalimu wetu wa uchoraji alitupiga kwa ubapa wa tii-skwea, ile rula ndefu yenye umbo la T, na akichemka alitumia ukingo. Ukishika kalamu ya wino kama unashika kijiko, unapigwa. Herufi ikipanda juu ya mistari yake miwili, unapigwa. Siku moja alimpiga mwenzetu vidoleni mpaka ukucha ukang'oka, na damu ikadondoka juu ya nyumba aliyokuwa akiichora. Mwalimu aliinama, akaitazama ile karatasi.

"Paa limevuja," akasema. "Anza upya."

Tulicheka darasa zima. Aliyepigwa akacheka pia, kidole mdomoni.

Chuo kilikuwa Magongo, kando ya barabara, na kila lori lililopita lilitikisa meza zetu. Mimi nilitoka ng'ambo, Likoni, nyumba ya wakulima, na sikuwa nimesoma sana. Lakini nilikuwa na ndoto: nimchoree mama nyumba ya mawe yenye baraza pana, halafu siku moja nimjengee. Kwa ndoto hiyo nilikubali kupigwa.

Mwaka wetu wa mwisho chuo kikapata kompyuta moja. Ikafungiwa kwenye chumba chenye feni, nasi hatukuwa na feni, na darasa likagawanyika papo hapo. Rafiki yangu, kijana wa bara aliyepanga chumba mtaani kwetu, akahamia kwa mashine. Mimi nikabaki na watu wa wino.

Watu wa wino tulikuwa na miiko. Kila mchoro una kisanduku pembeni chini, cha kuandikia jina lako na jina la jengo. Sisi hatukukijaza mpaka mwalimu aikubali kazi. Ukijaza mapema, wino utamwagika. Nani alianzisha sijui, lakini nilimwona mtu kwa macho yangu akiandika jina lake Jumatatu na kichupa kikampindukia Jumanne.

"Buda," rafiki yangu akanicheka, "mashine hainipi hata mstari mmoja kabla sijaiandikia jina. Na haijawahi kumwaga wino."

"Itamwagaje na haina wino?"

"Si ndiyo raha yenyewe, manze!"

Kazi ya mwisho ilikuwa kupima jengo lililosimama na kulichora lote. Wenzangu walipima misikiti na nyumba za shangazi zao. Mimi nilipenda kijumba cha askari cha mtaani kwetu, cha mawe ya zamani, kuta nene, ngazi mbele. Askari mmoja mnene alinishikia ncha ya futi mchana kutwa. "Ukifaulu, utujengee choo," akaniambia. Nikamwahidi.

Wino wa kazi ile ulikuwa haujakauka vizuri zilipozuka vurugu za kuwafukuza watu wa bara.

Usiku, vijana wenye mapanga na mishale walivamia kile kituo cha askari, wakaua, wakabeba bunduki, kisha wakageukia nyumba za watu wa bara, wakizitia moto moja baada ya moja. Kulipopambazuka nilitoka kumtafuta rafiki yangu. Chumba chake kilikuwa majivu. Mbele ya kituo yule askari wangu alilala kichwa chini miguu juu, kwenye ngazi ambazo mimi na yeye tulizipima. Panga lilikuwa limempitia shingoni. Ngazi zote zilikuwa nyekundu. Nilirudi nyumbani mbio nikajifungia.

Askari wengine wakaja na malori, wakawa wanaingia nyumba kwa nyumba wakikamata vijana wa pwani. Kwetu walivunja mlango kwa teke. Mama akapigwa kofi kwa kuitikia Kipwani, "Abee, afande." Kwenye mkoba wangu wakakuta bikari yenye ncha kama msumari, na wembe, ambao sisi huutumia kukwangua wino uliokosea. Chini ya godoro wakakuta mchoro. Kila mwanafunzi wa uchoraji hulaza karatasi chini ya godoro isijikunje. Lakini hebu mweleze hayo mtu aliyetoka kuzika wenzake.

Wakanipeleka uwanja wa kanisa, walikokimbilia watu waliochomewa nyumba. Sajenti aliukunjua mchoro juu ya benchi. Unene wa kuta ulikuwepo. Madirisha yalikuwepo. Hata stoo ya bunduki, nilikuwa nimeonyesha kwa robo duara safi kabisa mlango wake unafungukia upande gani.

"Nani alikutuma kuchora hii?"

"Mwalimu, afande."

Ngumi ikanipasua mdomo.

"Mwalimu wa vita? Na mbona haina jina? Mtu mwema anaficha jina lake?"

"Tukiandika jina mapema, afande... wino humwagika."

Alinitazama juu hadi chini. Kisha akacheka, na askari wote wakacheka, na baada ya kicheko ndipo marungu yakaanza. Nilipigwa mgongoni, nikapigwa nyayoni. Nikavuta kamasi na damu pamoja. Mwisho sajenti akaulaza mkono wangu wa kulia juu ya benchi, karibu na mchoro.

"Huu ndio uliochora?"

Kitako cha bunduki kikashuka. Vidole viwili vililia kama penseli inayovunjika.

Akakiinua tena.

"Afande! Huyo namjua!"

Alikuwa rafiki yangu, kichwa kimefungwa leso ya mwanamke, damu imeigandia. Watu waliokuwa naye wakamzomea. "Wewe! Wenzake si ndio waliokuchomea nyumba?"

"Si huyu," akasema. "Huyu anaogopa wino."

Sajenti akaniziba mdomo kwa kiganja, akamwonyesha karatasi. "Unamjua? Haya. Kwa nini hii haina jina?"

Rafiki yangu akaitazama, akatikisa kichwa kile kilichopasuka kama vile tuko darasani.

"Ni ujinga wa watu wa wino, afande. Eti ukijaza jina mapema, wino utamwagika. Nimewaambia mpaka nimechoka."

Kiganja kikatoka mdomoni mwangu. Sajenti hakucheka tena. Aliuchana mchoro vipande vipande, akanirushia usoni. "Potea!"

Vidole viliunga vimepinda, na kalamu ya wino havishiki mpaka leo. Niliporudi chuo, mwalimu alinishika mkono ule alioupiga miaka yote, akaugeuza huku na huku. Kisha akageukia dirishani, na lori likapita, na lingine.

"Nenda kwa mashine, mwanangu," akasema bila kunitazama.

Rafiki yangu alikuwa chumba cha feni, kovu limempita kutoka paji hadi sikio. Akanisogezea kiti.

"Karibu, msee. Sasa utafaidi feni. Haya, jina kwanza."

Nikaliandika jina langu kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, herufi kwa herufi, naye akiningoja bila kunicheka. Jengo nililikumbuka lote, kipimo kwa kipimo. Nikaanza na zile ngazi.