Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Juzi, katika duka moja la Migori, niliona waya wa kupigia mayai umetundikwa ukutani, nikanusa tena moshi wa jikoni kwa bibi yangu kule Kegonga.

Nilikuwa bado mwanafunzi nikiishi kwake, na wiki moja mwalimu wa sayansi kimu alitufundisha mapishi ya Kiingereza. Keki haipikiki bila chekeche, kikombe cha kupimia na waya kama ule, alisema, na kila chombo sharti kisuguliwe kwa sabuni. Niliamini kwamba Waingereza pekee ndio waliojua kupika, kwa kuwa vyombo vyao vilichorwa kitabuni.

Kibuyu cha maziwa cha bibi kilikuwa cheusi ndani na kilinuka mkaa. Alipokwenda kisimani, nilikisugua kwa mchanga na sabuni ya kufulia. Leo najua kwamba ule weusi ndio uliotunza maziwa, na kwamba alikuwa amekifukiza kwa moshi kwa miaka mingi.

Alasiri hiyo walikuja wazee kumposa shangazi. Bibi akatia maziwa kibuyuni, akatikisa, akawamiminia. Mmoja akatema.

“Mama, hapa mnakunywa sabuni? Na huyu binti atatupikia hivi?”

Wenzake wakacheka. Bibi alivitazama vidole vyangu, bado vimekunjamana kwa maji.

“Ni mimi,” akasema. “Macho yamezeeka. Binti yangu mnayemposa hana kosa.”

Shangazi alisimama mlangoni akilia kimya. Mimi, niliyezoea kuhoji kila kitu pale nyumbani, nilivikalia vidole vyangu na kumwacha bibi achekwe.