Tuliwabananisha samaki kwenye kizimba ili wasisikie baridi: yaliyotukuta Mahongole

Wakuu, kamwene kwa wote wa nyanda za juu. Wa kwenye joto huko, poleni na jasho.

Ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho, na mengine nimeyashika mkononi yakirukaruka. Sina sababu ya kuongeza chumvi, maana habari yenyewe hainipi sifa. Mtaona sifa zilikwenda kwa nani.

Kwanza mnijue kidogo. Chuo nimemaliza, shahada ninayo, ajira inanitafuta na bado hatujaonana. Nipo nyumbani Mahongole, hapa Makambako.

Nina tabia moja inayowachosha watu. Nikiambiwa kitu, nauliza: umejuaje?

Nilimuuliza hivyo mwalimu wa kipaimara zamani, nikamalizia somo nikiwa nje.

Sasa, karibu na kwetu kuna lambo. Mtu wa Mwanza akiliona atauliza nani amemwaga maji, lakini sisi tunaliita ziwa na hatuoni aibu.

Baba mdogo wangu, Obadia, alirudi safarini siku moja akiwa na wazo la kufuga sato kwenye vizimba ndani ya hilo ziwa letu.

Kwa asiyejua, kizimba ni fremu ya mbao inayoelea juu ya mapipa, na chini yake umening'inia wavu kama mfuko mkubwa. Samaki anaishi humo ndani, anakula chakula chako, anakusubiri umle. Mbao Njombe hazijawahi kutusumbua, kwa hiyo vizimba viwili vilikamilika mapema.

Wazo lingebaki la baba mdogo peke yake kama Mama asingeliingilia.

Mdogo wangu Editha alikuwa anapata kipaimara mwisho wa mwaka. Mama akatangaza mbele ya akina mama wa usharika, ibada ikiwa imeisha na watu wamesimama nje wanasalimiana, kwamba sherehe ya Editha haitakuwa na pilau la nyama kama za wengine. Kila mgeni atawekewa sato mzima kwenye sahani.

Shangazi yangu, dada yake Baba, alikuwa hapo hapo.

Mama yangu ni Mkinga wa Bulongwa. Sisi upande wa Baba ni Wabena. Mama na shangazi wanataniana tangu kabla sijazaliwa, ila kuna utani mwingine ukiusikiliza vizuri unagundua mtu anamaanisha. Shangazi alicheka, akasema wifi yake ameshuka milimani juzi tu na tayari amekuwa mvuvi, kwa hiyo siku hiyo yeye atakuja ameshakula kwake.

Mama alirudi nyumbani kimya. Akapika kimya. Wakuu, mama yangu si mtu wa kupika kimya.

Baba ni dereva wa malori, muda mwingi yupo njia ya Tunduma. Aliposimuliwa kwa simu alisema tu, "Hao samaki wanenepe," halafu mtandao ukakatika. Nahisi aliukata mwenyewe.

Hapo ndipo likaja swali la msingi: tuweke samaki wangapi kwenye kila kizimba?

Bwana samaki wa eneo letu, kijana mpole mwenye pikipiki, alisema tuweke wachache. Wakizidi wanagombea hewa na chakula, wanadumaa.

Nikamuuliza amejuaje. Akasema alifundishwa. Nikamuuliza waliomfundisha walipima kwenye maji ya wapi, ya joto au ya baridi kama haya yetu. Akasema ana safari ya Njombe mjini, akawasha pikipiki.

Baba mdogo yeye alikuwa na nadharia yake, na naomba msiicheke haraka.

Anafuga kuku. Anasema aliwahi kusafirisha vifaranga wa kuku kutoka Iringa kwa maboksi. Boksi alilopakia kwa nafasi, walifika wamekufa kwa baridi. Boksi alilowabananisha, walifika wanapiga kelele. Akasema pia sisi wenyewe bwenini tulilala wawili wawili kitanda kimoja mwezi wa saba na hakuna aliyedumaa. Kwa hiyo samaki wa Makambako lazima wabanane. Huko kwenye joto wanaweza kukaa kwa nafasi kama mabosi, lakini hapa watakufa.

Angalau yeye alikuwa na ushahidi wa maboksi. Bwana samaki alikuwa na pikipiki.

Nikasema basi tufanye experiment. Vizimba viwili sawa, maji yale yale, chakula kile kile kwa kadiri ya idadi. Kimoja tuweke wachache kama bwana samaki anavyotaka, kingine tujaze kama boksi la Iringa. Samaki ndio watuambie.

Baba mdogo alikubali kwa masharti kwamba kile cha wachache kiitwe cha Profesa. Profesa ni mimi. Hakuna aliyewahi kutamka cheo hicho kwa heshima.

Miezi ya kwanza, wakuu, niliaibika.

Ukimwaga chakula kwenye kizimba cha baba mdogo, maji yanachemka. Samaki wanapandana, wanaruka, mikia inapiga, unaweza kudhani kuna tamasha. Ukimwaga kwenye changu, unasubiri. Vinatokea vinywa vichache, vinachukua punje, vinashuka. Wastaarabu mno. Hawakutazamika.

Watu wakaanza kuja kuangalia Jumapili baada ya ibada. Wote wanasimama upande wa baba mdogo. Mzee mmoja wa kanisa alitoa hadi neno la shukrani. Shangazi naye akaja, akaangalia kizimba changu muda mrefu, akaniuliza, "Hapa mwanangu mnafuga maji?"

Hata Mama akaanza kuyumba. Akanishauri tuazime samaki kadhaa kutoka kule wahamie kwangu, angalau wasiwe wapweke. Nikamweleza maana ya experiment. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema sawa, lakini kwani wakihamia usiku nani atajua?

Ikabidi niwe nalinda kizimba dhidi ya mama yangu mzazi.

Ikafika Juni. Wanaoijua Makambako ya Juni wanajua. Asubuhi hakuna anayefanya kazi ya maana. Kila mtu yupo kwenye ukuta unaotazama mashariki, mikono kwapani, anaota jua. Mzee, mwanafunzi, mbuzi, wote mstari mmoja.

Na samaki wa baba mdogo wakaanza kupanda juu kila asubuhi.

Hawakuwa wanatafuta chakula. Walikuwa wametulia tu juu ya maji, mamia, vinywa vinafunguka na kufunga. Wangu hawaonekani.

Baba mdogo alinishika bega akasema wanaota jua.

Wakuu, niambieni ukweli, nani kati yenu angekataa? Sisi wenyewe tulikuwa tumetoka ukutani kuota jua, tumekuja ziwani, tumekuta samaki nao wamejipanga juu. Iliingia akilini moja kwa moja. Watu walisimuliana hadi stendi. Samaki wa Mahongole wana akili, wanaota jua kama watu.

Mimi na shahada yangu nilikubali wiki mbili nzima. Nilianza hata kuwadharau wangu kwamba ni wajinga, wanabaki chini kwenye baridi.

Kilichoniamsha ni ukungu.

Asubuhi moja ulishuka ukungu ule wa kwetu, unanyoosha mkono huuoni. Ukutani hakuna mtu, maana jua la kuota halipo. Nikaenda ziwani kulisha, nafuata njia kwa kukumbuka. Nimefika, nikainama karibu kabisa na maji.

Wako juu. Wote. Vinywa vinafunguka na kufunga.

Nikakaa pale kama mjinga. Wanaota jua gani?

Nilimpigia simu baba mdogo aje. Akaja amejifunga blanketi, akaangalia. Nikamwambia baba mdogo, leo jua hakuna na bado wamepanda. Akafikiri kidogo.

"Jua lipo, Profesa. Wewe ndiye hulioni."

Nimesoma miaka mitatu chuoni na sijawahi kukutana na hoja ngumu kujibu kama hiyo.

Nikampigia bwana samaki. Safari hii hakuniambia alifundishwa. Alikuja, akavuta kipande cha wavu wa kizimba cha baba mdogo juu, akatuonyesha matundu. Yalikuwa yamezibwa na utando wa kijani na mabaki ya chakula. Akasema samaki wengi ni uchafu mwingi, maji mapya hayaingii, na asubuhi hewa ndani ya maji inakuwa imeisha. Wanapanda juu kutafuta hewa. Kwa Kiswahili chepesi, walikuwa wanahema.

Baba mdogo hakukubali. Akasema hewa ipo kila mahali.

Basi nikasema tuvue wachache kila upande tulinganishe. Mama akaja pia, maana ilishakuwa kesi ya familia.

Wa kwangu walitoka wa kiganja, wana mgongo, wanapiga mkia kwa nguvu hadi Mama akarudi nyuma. Wa baba mdogo walitoka kama vidole. Wengine mapezi yamechanika kwa kung'atana. Halafu katikati yao wakatoka wawili watatu wakubwa ajabu, wababe, waliokuwa wanakula chakula cha wenzao wote. Nikakumbuka bwenini kulikuwa na watu wa aina hiyo.

Baba mdogo akawaangalia wa kwangu, akasema hawa wamevimba kwa upweke.

Mama hakucheka. Alichukua mmoja wa kule mkono huu na mmoja wa huku mkono ule, akamsogelea shemeji yake.

"Shemeji, huyu mdogo nikamwekee wifi kwenye sahani?"

Baba mdogo alimtazama yule samaki. Sherehe imeshatangazwa, usharika mzima unajua, na shangazi ni dada yake mwenyewe, amekua naye, anajua ulimi wake. Blanketi likamshuka begani na hakuliokota.

Siku hiyo hiyo tukaanza kutengeneza kizimba cha tatu.

Tuliwagawa, tukasugua nyavu, tukapunguza chakula kilichokuwa kinazama bure. Asubuhi kadhaa baadaye niliamka mapema kwenda kuangalia. Juu ya maji hakuna mtu. Sijawahi kufurahia kuona maji matupu kiasi kile.

Lakini waliodumaa hawakuwahi kuwafikia wenzao. Kwenye baridi yetu samaki anakua kwa kujivuta hata akiwa na raha, sembuse aliyeanza maisha akihema.

Siku ya kipaimara ikafika. Tukavua vizimba vyote.

Mama ndiye aliyepanga. Wakubwa wote wa kizimba cha Profesa, pamoja na wale wababe, wakaenda kwenye meza za wageni. Walitosha kwa kubana sana: mgeni mmoja wa ziada angeletewa maharage. Wale vidole wakakaangwa wakauke, wakaja kwetu wanafamilia tuliokula nyuma ya nyumba. Ukihesabu, kila mtu alipata samaki mzima. Mimi nilipata wazima tisa.

Nilikuwa nachungulia meza ya shangazi. Alikuja kweli ameshakula kwake, hilo alilisema mlangoni. Mama mwenyewe akamletea sahani, sato kichwa upande huu, mkia umepita ukingo wa sahani upande ule. Akaiweka, akasema karibu wifi, akaondoka bila kungoja.

Shangazi alionja kidogo. Akaonja tena. Akamgeuza upande wa pili. Mwisho alikuwa anafyonza kichwa, macho amefumba, hasemeshwi.

Alipomaliza alinawa taratibu, akamwita Mama. Sisi wote tukatega masikio. Akasema wifi, shambani kwangu nako kuna bwawa, nataka nifuge. Hao samaki mtu anawekaje, wengi au wachache?

Mama alikuwa anafungua mdomo kujibu, na kwa namna alivyokuwa anatabasamu nadhani alitaka kuniita mimi nijibu.

Baba mdogo akasimama kutoka meza ya jirani, suti imemkaa vizuri, akafuta mdomo kwa leso.

"Wachache, dada. Samaki hapendi kubanwa. Hawa vijana nilihangaika nao sana kuwaelewesha."

Meza nzima ikatikisa kichwa kwa kukubali. Mzee wa kanisa akasema ndiyo maana ya kuwa na watu wazima kwenye ukoo. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika sahani ya vidole.

Nikamtazama Mama. Alinikonyeza, akaenda kumwongezea wifi yake chai.

Nilichojifunza, wakuu: ukijaza kizimba hupati samaki wengi, unapata vinywa vingi. Na kelele za kwenye maji wakati wa kulisha zisikudanganye, vua upime. Ukiona samaki wamepanda juu asubuhi, usikimbilie kusema wanafanya unachofanya wewe.

Hata hivyo, kwa haki, experiment yangu ilikuwa na kizimba kimoja kila upande. Inawezekana upande wangu ulikuwa na upepo mzuri zaidi unaosukuma maji. Hilo swali bado linaninyima usingizi. Bwana samaki anasema niachane nalo, na nimemuuliza amejuaje.

Wafugaji wa upande wa Ludewa kule Ziwa Nyasa, na nyie wa Mwanza mtakaocheka lambo letu, mnaweka wangapi na mnajuaje kwamba ndio kiasi sahihi? Wa kubisha mnakaribishwa, ila njooni na mlichokipima. Baba mdogo naye amejiunga humu jukwaani wiki iliyopita, kwa hiyo mkiona mtu anatoa ushauri wa vizimba kwa kujiamini sana, msalimieni.